Fomu Haina Mama Mkubwa

Ukitoka Posta kwa miguu kwenda Kariakoo, kuna mahali mji unaacha nafasi. Maghorofa ya Uhindini yanakoma, miti na nyasi vinashika zamu, kisha baada ya hatua kadhaa maduka yanarudi na makelele yake. Hapo ni Mnazi Mmoja. Wengi wetu tunapajua kwa mikutano, kwa mnara wake na kwa vivuli vya kupumzikia mchana wa jua kali. Ila nafasi ile haikuachwa ili watu wapumzike. Iliachwa ili watu wasikaribiane.

Wajerumani, walioufanya mji huu makao yao makuu mwaka 1891, waliiogopa sana malaria. Robert Koch mwenyewe, bingwa wa vijidudu, alikuja kufanya utafiti Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1890. Katika makoloni mengi ya wakati ule madaktari walianza kuuona mwili wa Mwafrika kama ghala la ugonjwa, na kukaa naye mbali wakakuhesabu kuwa kinga. Waingereza, walioutwaa mji mwaka 1916, waliichorea hofu hiyo ramani. Mji uligawanywa katika kanda tatu za ujenzi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya kanda ya pili na ya tatu ikaachwa ardhi isiyojengwa, na sababu iliyotajwa ilikuwa afya. Ng'ambo ya ardhi hiyo palikuwa na Kariakoo, iliyopata jina lake kutokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi pale, na ubavuni mwake palikuwa na Gerezani.

Familia ya mama yangu ni ya Gerezani. Nimesoma hadi chuo kikuu, na darasani nimesikia mara nyingi kwamba mama aliyesoma hulea mtoto mwenye afya. Ni kweli, na takwimu za nchi nyingi zinalithibitisha jambo hilo. Lakini kila nikiitazama familia yetu naona hesabu imeruka mstari. Inamhesabu aliyesoma na mtoto wake. Haimhesabu aliyeachishwa shule ili yule mwingine asome. Katika mtaa kama Gerezani, huyo wa tatu ndiye aliyeibeba afya ya vizazi viwili, na hana safu yake kwenye karatasi yoyote.

Mji wa milango mitatu

Mgawanyo wa Mnazi Mmoja haukuwa wa ardhi peke yake. Ulikuwa pia wa vitanda na madawati. Pwani, upande wa upepo mzuri, Wajerumani walimaliza kujenga hospitali ya Wazungu mwaka 1897. Ndilo jengo ambalo leo lina Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Waafrika na Wahindi walikuwa na hospitali yao iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo, na jina lake likabaki kwenye wodi ya Muhimbili inayoitwa Sewahaji hadi leo. Aliyetibiwa pale alitibiwa kwa sadaka ya tajiri, huku kodi yake ikisaidia kuendesha serikali iliyomtibu Mzungu ufukweni.

Shule nazo zilikuwa hivyo hivyo. Palikuwa na shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila moja na bajeti yake na mitaala yake, na mfumo huo ulifutwa mwaka 1962 tu. Kwa mtoto wa Kiafrika, darasa la nne lilikuwa kama mlango wa mbele wa nyumba. Wengi waliishia barazani. Wachache walifaulu mtihani na kuingia shule ya kati, na kutoka hapo idadi ilizidi kupungua, hadi unapofika Makerere unakuta watu wa kuhesabika.

Uhaba huo ulikuwa na maana yake hospitalini. Mwaka 1950 Dk. Vedasto Kyaruzi, msomi wa Makerere aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Sewa Haji, alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA. Haukupita muda serikali ikamhamishia gereza la Kingolwira, Morogoro. Historia ya siasa hulisimulia tukio hili kama mbinu ya kumtenga na wenzake, na ndivyo lilivyokuwa. Mimi huwafikiria pia wagonjwa. Madaktari wa Kiafrika walipokuwa wachache kiasi kile, barua moja ya uhamisho ilitosha kuupunguzia mji mzima daktari aliyekaa na wagonjwa wake upande mmoja wa Mnazi Mmoja.

Kuna ukosefu mwingine ambao takwimu za kikoloni ziliuita ujinga. Watu wengi wa Gerezani na Kariakoo walikuwa wamesoma chuoni, yaani madrasa. Walijua herufi za Kiarabu, na baadhi waliandikiana barua za Kiswahili kwa herufi hizo. Bibi yangu alihitimu Kurani akiwa mdogo. Lakini bahasha ya vidonge iliyotoka dirisha la dawa iliandikwa kwa herufi za Kizungu na kwa alama ambazo hata leo zinahitaji kuelezwa: 2 x 3. Ukiisoma kama hesabu ni sita. Ukiisoma kama dawa ni viwili, kutwa mara tatu. Bibi aliyeweza kusoma Yasini bila kugugumia aliikabidhi bahasha ile kwa mtoto amsomee. Kwa hiyo hakuwa mtu asiyejua kusoma. Elimu yake ndiyo ilikuwa haitambuliwi na dirisha la dawa.

Yatima wa Mtaa wa Kipata

Katika mji wa milango mitatu, mtu aliingiaje? Mara nyingi alishikwa mkono na ndugu, hata kama ndugu mwenyewe si wa damu. Mfano mkubwa wa Gerezani ni Kleist Sykes, ambaye Mtaa wa Kipata sasa unaitwa kwa jina lake.

Kleist alizaliwa mwaka 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa askari wa Kizulu aliyeletwa kutoka Msumbiji na jeshi la Hermann von Wissmann, akafa maji katika Mto Ruaha mwanawe angali mchanga. Mtoto angeweza kuishia kuwa yatima wa kambi, mmoja wa wengi. Badala yake alichukuliwa na askari mwenzake baba yake, Affande Plantan, akalelewa kama mtoto wa nyumba na akapelekwa shule. Alijifunza Kijerumani. Alipigana vita ya kwanza upande wa Wajerumani, na baada ya vita akapata kazi katika reli, ile Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914 na iliyoijaza Gerezani wafanyakazi. Mwaka 1929 alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association. Mwaka 1933 alikuwamo katika kuanzisha Al-Jamiatul Islamiyya, jumuiya iliyojenga shule pale Kariakoo kwa ajili ya watoto ambao milango mingine haikuwatosha. Wanawe Abdulwahid na Ally walikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954. Mjukuu wake, Daisy, aliandika maisha yake katika kitabu cha wasifu wa Watanzania kilichohaririwa na John Iliffe na kutoka mwaka 1973.

Tazama mnyororo wenyewe. Mlezi mmoja alikubali mdomo mmoja zaidi mezani. Mdomo huo ukapata shule, shule ikaleta kazi ya mshahara, mshahara ukaleta nyumba, na nyumba ikaleta watoto na wajukuu waliosoma. Katika mji ambamo kuumwa kulimaanisha kwanza kukosa kibarua cha siku hiyo, mshahara wa mwezi ulikuwa kinga kabla ya kuwa fedha. Mgonjwa aliweza kulala bila nyumba nzima kulala njaa.

Hivyo ndivyo tunavyopenda kuusimulia undugu: mkono unaoinua. Lakini tunapotafuta mkono wenyewe tunaishia kwa Affande Plantan, kwa sababu jina lake liliandikwa. Palipolelewa mtoto palikuwa na mtu wa kumwogesha, kumpikia uji na kukesha naye homa ilipopanda, na kwa kawaida ya nyumba zetu mtu huyo alikuwa mwanamke au binti. Yeye hakupewa mtaa.

Darasa la nne

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926 na alisoma hadi darasa la nne. Binti wa mji wa wakati ule akivunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, akafundwa na kungwi, akasubiri kuolewa. Shule ilikatikia hapo bila mtu kuona kwamba kuna kilichokatika. Mwaka 1955 Bibi Titi alipoanza kuwaandikisha wanawake wa mji huu katika TANU hakupitia shule, kwa sababu wanawake hawakuwako shuleni. Alipitia vyama vya ngoma. Mwanahistoria Susan Geiger, aliyewahoji wanawake wa TANU miaka ya 1980, aliwakuta wengi wao ni watu wa elimu ndogo sana au wasio na elimu ya shule kabisa, waliokuwa na mtandao ambao wasomi wa kiume hawakuwa nao.

Mtandao huo huo ndio uliokuwa hospitali ya kwanza ya mtaa. Nyumba ya Gerezani ya zamani ilikuwa na mlango wa mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma ua wa pamoja wenye jiko, choo na mapipa ya maji. Kila chumba kilikuwa na familia yake, lakini ua ulikuwa mmoja. Mtoto akianza kuhara katika chumba cha tatu, habari ilishafika chumba cha sita kabla mama yake hajafungua kanga. Somo, kungwi na mkunga walijua mengi ambayo kitabu hakikuyaandika. Na ua ulijua pia kueneza ugonjwa, maana kikombe kilikuwa kimoja na choo kilikuwa kimoja. Undugu wa ua ulikuwa dawa, na choo cha ua kilikuwa njia ya maradhi, mahali pale pale.

Bibi yangu aliletwa katika nyumba ya namna hiyo akiwa bibi harusi. Babu alikuwa mtu wa Kilosa aliyekuja na reli akabaki na reli. Bibi alizaa watoto wanane, wakakua watano. Wale watatu hakuwahi kuwatajia ugonjwa. Alikuwa akisema tu, "Aliondoka na homa," kama unavyosema mtu ameondoka na treni ya jioni.

Mama Mkubwa alikuwa binti wa kwanza. Mama yangu alikuwa mtoto wa mwisho, na kati yao kuna miaka kumi na miwili. Mama Mkubwa alimaliza darasa la nne mwaka wa Uhuru, 1961. Mama akazaliwa mapema mwaka uliofuata, mdogo wa umbo na mgonjwa mgonjwa. Babu alikuwa zamu. Bibi alitoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kuuza vitumbua, na vitumbua ndivyo vilivyokuwa vikinunua maziwa. Ikaamuliwa Mama Mkubwa apumzike shule mwaka mmoja amshike mtoto. Nimeuliza mara nyingi nani alisema hivyo. Hakuna anayekumbuka. Jambo kama lile halikuhitaji msemaji, lilikuwa kama maji kufuata mteremko. Mwaka ule haujaisha mpaka leo.

Mama aliishi. Akaanza shule na nchi iliyokuwa imefuta milango mitatu, akafika sekondari, akawa mwalimu. Mimi ni mtoto wa mwalimu. Nilichanjwa chanjo zote, nilipimwa uzito kila mwezi, na kadi yangu ya kliniki ina mstari unaopanda vizuri. Msomi yeyote wa afya ya jamii akiitazama kadi ile ataona kazi ya mama aliyesoma. Hatakosea. Ila mstari ule ulianzia mgongoni kwa msichana wa miaka kumi na miwili.

Kilichomo ndani ya elimu

Mwaka 1979 John Caldwell, mtaalamu wa takwimu za watu kutoka Australia, alichapisha makala iliyobadili mazungumzo ya dunia kuhusu vifo vya watoto. Alitumia takwimu za Nigeria, nyingi za mji wa Ibadan. Aligundua kwamba elimu ya mama ilipunguza vifo vya watoto wake hata pale ulipozingatia kazi na elimu ya baba. Kwa hiyo haikuwa fedha tu. Na haikuwa kujua vijidudu tu. Caldwell alisema shule ilibadili mamlaka ndani ya nyumba. Mama aliyesoma alithubutu kumpeleka mtoto hospitali bila kusubiri ruhusa ya mume wala mama mkwe, na akifika hospitali alisikilizwa.

Nilipoisoma hoja hiyo niliifananisha moja kwa moja na ua wa Gerezani, kisha nikaona mahali inapotofautiana nao. Ibadan ya Caldwell ina mama mmoja na watoto wake. Ua wetu una mama wengi kwa kila mtoto. Kwa Kiswahili dada mkubwa wa mama ni mama mkubwa, na watoto wake ni ndugu zangu. Kwa hiyo elimu ya mtu mmoja haikukaa kwa mtu mmoja. Mjomba wangu, aliyefika shule ya kati, alikuwa msomaji wa ua mzima. Bahasha za vyumba vyote sita zilipitia mkononi mwake. Klorokwini ya mtu mzima ilikuwa vinne siku ya kwanza, vinne siku ya pili, viwili siku ya tatu, na yeye ndiye aliyewaimbisha wamama: nne, nne, mbili. Hata waliokuwa hawajui herufi moja waliijua dozi hiyo.

Mjomba alipohamishiwa Tabora, ua ulibaki bila msomaji. Hapo ndipo watu wakakumbuka kwamba yule msichana anayelea ana darasa la nne.

Mtu ni Afya

Mwaka 1973 serikali ilifanya jambo ambalo kizazi chetu tunalijua kwa jina tu. Kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima katika vikundi, wakasikiliza redio pamoja, kisha mmoja wao akasoma kijitabu kwa sauti na wote wakajadili: malaria, kichocho, safura, kuhara damu, kifua kikuu. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa. Walilenga washiriki milioni 1, wakapata kama milioni 2. Kikundi kilitakiwa kiamue jambo na kulitenda: kuchimba choo, kufyeka majani, kuchemsha maji. Vyoo vilichimbwa nchi nzima kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana.

Mama Mkubwa alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alikuwa ameshaolewa na kuachika, amerudi nyumbani na kauza mboga kake sokoni. Alikuwa msomaji wa kikundi chao. Anakumbuka kijitabu kuliko anavyokumbuka harusi yake. Anasimulia kwamba kazi ngumu haikuwa kusoma, ilikuwa kumaliza sentensi bila mzee mmoja kuikatiza kwa sababu inasomwa na mwanamke. Katika jumba lao waliamua mambo mawili: maji ya kunywa yachemshwe na yawe na kata yake yenye mpini, na choo kiwe na zamu ya kusafishwa. Zamu iliandikwa kwa chaki ukutani. Yeye ndiye aliyeandika.

Sidai kwamba chaki ile peke yake iliokoa watoto. Miaka ile kulikuwa na chanjo, zahanati na maji ya bomba vikiongezeka pia. Lakini wajukuu wa bibi waliozaliwa katika jumba lile baada ya hapo walikua wote. Kampeni ile iliona jambo ambalo shule ya kikoloni haikuliona: elimu kidogo ya mtu mmoja, ikikaa katikati ya watu wanaoaminiana, inafanya kazi ya shule kubwa. Msichana aliyekatishwa masomo kwa sababu ya afya ya mdogo wake akawa mwalimu wa afya wa vyumba sita. Hakulipwa, na baada ya kampeni hakuna aliyemuuliza kama angependa kuendelea na darasa la tano.

Kisha nyakati zikabadilika. Uchumi wa miaka ya 1980 ulipoanguka, dawa zilipungua zahanati na madaftari yakapungua shuleni. Mwaka 1993 wagonjwa walianza kuchangia gharama katika hospitali kubwa za serikali. Mzigo ulishushwa kutoka serikalini, na kama kawaida uliangukia mahali palipokuwa na mikono, yaani kwenye familia. Na ndani ya familia ukaangukia kwa waliozoea kubeba.

Safu ya wategemezi

Leo Gerezani inajulikana kwa kituo cha mwendokasi. Majumba ya ukumbi mrefu yamebaki machache, na palipokuwa na ua kumesimama maghorofa ya maduka. Familia nyingi zimetawanyika Mbagala, Gongo la Mboto, Tabata. Ugonjwa nao umebadilika. Bibi alizika watoto kwa homa za wiki moja. Sisi tunauguza wazee kwa presha na sukari, magonjwa yasiyo na mazishi ya haraka ila yenye kliniki kila mwezi, miaka na miaka.

Magonjwa haya yanataka karatasi. Nilipoajiriwa nilipewa fomu ya bima ya afya. Ilikuwa na safu ya mwenza, safu ya watoto, safu ya wazazi na wakwe. Niliandika majina hadi nikafika kwa Mama Mkubwa, nikakuta hana pa kuandikwa. Nilimweleza mhusika kwamba huyu ndiye aliyemlea mama yangu, na kwamba hata mimi nilikaa kwake miaka sita. Alinisikiliza kwa upole kisha akauliza, "Ni mzazi wako wa kukuzaa?" Kwa Kiswahili changu jibu ni refu. Kwa fomu jibu ni hapana.

Mshahara wangu umetokana na shule yangu, shule yangu imetokana na mshahara wa mama, na mshahara wa mama umetokana na mwaka mmoja wa mapumziko wa mwaka 1962. Faida imepita ngazi zote hadi kwangu na kwa mwanangu, ikamruka mtu mmoja tu. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na ninaisubiri kwa hamu. Hata hivyo najua kwamba sheria yoyote itabidi iamue familia ni nini, na wanaoandika sheria hukulia zaidi katika vitabu kuliko katika ua.

Kwa sasa Mama Mkubwa anatibiwa kwa mchango. Kundi la WhatsApp la familia lina watu thelathini na wawili. Kuna mwezi dawa zinapatikana zote, kuna mwezi anakata kidonge katikati ili kifike tarehe ya mchango. Tuligundua hivyo kwa kuhesabu vidonge vilivyobaki, maana yeye hakusema. Sukari imeanza kumla macho. Msomaji wa ua sasa anahitaji kusomewa.

Mwaka jana anaishi naye mjukuu wa mjomba, msichana wa kidato cha pili aliyeletwa kutoka Kilosa kuja kusoma. Ada ya shule za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016. Tangu mwishoni mwa 2021 hata msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Milango ambayo bibi na Mama Mkubwa waliikuta imefungwa sasa iko wazi kisheria. Kilichobaki ni mteremko ule ule wa maji. Kliniki ilikuwa Jumanne, na kwenye kundi mtu mmoja akaandika kwamba kwa kuwa binti yupo karibu, awe anampeleka bibi yake, shule atakosa siku moja tu kwa mwezi. Watu tisa wakaweka alama ya dole gumba. Walioweka ni watu wazuri. Wanachangia kila mwezi.

Nilimsomea Mama Mkubwa ujumbe ule kwa sababu haoni vizuri maandishi ya simu. Alinyamaza, akaniambia niwashe kinasa sauti. Sauti yake ilikuwa fupi: "Huyu hapumziki. Nawashukuru wanangu, lakini huyu hapumziki hata siku moja. Wanaume wa familia hii wana miguu."

Wiki ile kukaandikwa zamu, safari hii si kwa chaki. Ina majina sita, manne ya wanaume. Ya kwanza ilimwangukia mtoto wa mjomba, dereva wa daladala, mwenye miaka arobaini na nne na ambaye hajawahi kukaa foleni ya kliniki isipokuwa akiwa mgonjwa mwenyewe. Alipiga simu usiku kuuliza abebe nini. Mama Mkubwa alimtajia bila kufikiri: kadi, daftari, chupa ya maji, kanga ya akiba, na mkate wa kula baada ya kipimo, si kabla. Na wafike kabla ya saa moja, maana baada ya hapo viti vinakwisha.